KUAZIMA KAZI YA WENZETU KATIKA LUGHA YA PYTHON

Wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili huuliza mara kwa mara ni kazi gani tufanyayo siku hizi katika chumba cha kompyuta. Na vijana wa vidato vya chini nao huuliza kwa nini programu zao hukataa kuendelea mara tu zifikapo kwenye neno import. Maswali haya mawili yakaribiana sana, na kwa kuwa mhariri amenipa nafasi, nitajaribu kuyajibu pamoja kwa maneno mepesi.

Kwanza yafaa tujue Python ni nini. Si yule chatu wa porini. Ni lugha ya kuandikia amri za kompyuta, iliyoanzwa mwishoni mwa mwaka 1989 na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum, ikatolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991. Jina lake alilitwaa katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Programu ni orodha ya amri zilizoandikwa katika faili, na kompyuta huzifuata moja moja kutoka juu kwenda chini.

Hakuna mtu duniani atengenezaye kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Hata lugha hii ninayoiandika imeazima mengi. Kitabu ni neno la Kiarabu, meza limetoka kwa Wareno, na shule kwa Wajerumani. Waswahili hawakukaa chini kubuni upya neno la kila kitu kigeni. Walilichukua lililokuwa tayari wakalitia katika desturi ya lugha yao. Kadhalika mwandishi wa programu. Akihitaji kipeuo cha pili cha namba, hana haja ya kuvumbua njia ya kukitafuta, maana wako walioifanya kazi hiyo zamani wakaihifadhi katika faili. Faili iliyo na kazi ya namna hiyo, tayari kuazimwa na wengine, huitwa moduli. Na amri ya kuiazima ndiyo hiyo import.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mji wa Jinja uko kama digrii 0.44 kaskazini ya Ikweta, na digrii 33.20 mashariki. Mbale uko kama digrii 1.08 kaskazini, na 34.18 mashariki. Maadam miji yote miwili i karibu na Ikweta, digrii moja ya latitudo au ya longitudo huwa kama kilomita 111. Basi kwa kanuni ya Pythagoras, ambayo kila mmoja wetu ameisoma darasani, twaweza kupata umbali wa mstari ulionyooka kati ya miji hiyo. Tuandike faili tuiite ramani.py:

import math

JINJA = (0.44, 33.20)
MBALE = (1.08, 34.18)

def umbali(a, b):
    return 111 * math.hypot(a[0] - b[0], a[1] - b[1])

Mstari wa kwanza waazima moduli ya hesabu iitwayo math. Ndani yake mna fanksheni hypot, ambayo hupewa pande mbili fupi za pembetatu mraba ikarudisha upande ule mrefu. Neno def latangaza fanksheni yetu wenyewe, na jina lake ni umbali. Sasa tuandike faili ya pili katika folda ile ile, tuiite safari.py:

import ramani

print(round(ramani.umbali(ramani.JINJA, ramani.MBALE)))

Tukiiendesha safari.py, kompyuta yajibu 130. Mtu aliyekwenda kwa basi atasema njia ni ndefu kuliko hiyo, naye asema kweli, kwa maana barabara hupinda ikapitia Iganga na Tirinyi, hali hesabu yetu haijui barabara.

Katika mfano huo mdogo yako mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, tumeandika import ramani, wala hatukuandika ramani.py. Python huongeza mkia huo yenyewe. La pili, faili ya safari haikutaja math hata mara moja. Aliyeazima math ni ramani, na hilo ni shauri lake. Safari yataka jibu tu. La tatu ni ile nukta katikati ya ramani.umbali. Nukta hiyo husomeka "umbali wa ramani". Ukiita "Wafula!" katika bweni lolote la pande zetu hizi za Mbale, watageuka vijana wanne. Ukisema Wafula wa bweni lipi na wa kidato gani, atakuja mmoja. Nukta hufanya kazi hiyo hiyo ya kumtaja mwenye jina pamoja na kwao.

Ziko namna nyingine za kuazima, na kila moja ina mahali pake. Ikiwa jina la moduli ni refu, unaweza kulipa jina la mkato: import ramani as r, kisha ukaandika r.umbali. Ikiwa wataka kitu kimoja tu, sema: from ramani import umbali, JINJA, MBALE, na tangu hapo utaandika umbali peke yake bila nukta. Namna hii ni nzuri mradi majina yawe machache, na kila msomaji aweze kuona juu ya faili yalikotoka.

Namna ya nne ndiyo iliyowaponza wengi: from math import *. Nyota hiyo maana yake ni "niletee vyote". Tuseme umeandika e = 40, nawe wakusudia kuwa e ni idadi ya daftari zilizo katika kabati. Mistari michache chini yake ukaandika amri ile ya nyota. Katika moduli ya math imo namba mashuhuri iitwayo e, ambayo ni 2.718 na kitu. Itaingia kimya kimya na kuketi mahali pa daftari zako 40. Hakuna onyo litakalotolewa. Utaona tu kwamba mgao wa daftari haufanyiki, wala hutajua mgeni aliingia kwa mlango gani. Kwa sababu hiyo waandishi wazoefu huikwepa nyota katika kazi yoyote ya maana.

Sasa tufike kwenye swali gumu zaidi: Python huitafuta wapi moduli uliyoitaja? Mfikirie mwenye duka katika mji wa Mbale aliyeombwa sukari. Kwanza hutazama mezani mbele yake, pengine mfuko umekwisha kufunguliwa asubuhi. Usipokuwapo, hutazama rafu za duka lake. Kisha huingia stoo. Mwisho hutazama chumba cha nyuma, zinakowekwa bidhaa alizoagiza kwa lori kutoka Jinja. Asipoipata huko kote, humwambia mteja kwamba haipo.

Python nayo hufuata utaratibu kama huo. Meza ni kumbukumbu ya moduli zilizokwisha kuazimwa tangu programu ilipoanza. Kama ramani imo, haisomwi tena, hata ukiiandikia import mara kumi. Rafu za duka ni folda ile ile yenye programu unayoiendesha. Stoo ni maktaba ya kawaida, yaani moduli zinazokuja pamoja na Python yenyewe. Chumba cha nyuma ni folda iitwayo site-packages, ziliko moduli zilizoletwa kutoka nje. Isipoipata kokote husimama na kutoa kosa liitwalo ModuleNotFoundError. Wengi wakiliona neno hilo hufikiri kompyuta imeharibika, kumbe ni ile habari ya mwenye duka tu: nimetafuta pote, haipo. Ukitaka kuona mahali inapotafuta, andika import sys, kisha print(sys.path), nayo itakutajia folda zote kwa zamu.

Angalia kwamba rafu za duka hutazamwa kabla ya stoo. Mwenzetu mmoja wa chama cha mdahalo alitaka kompyuta ipige kura kuchagua wasemaji, ili pasiwe na manung'uniko ya upendeleo. Wazo lilikuwa zuri. Aliazima moduli ya random, ambayo kazi yake ni kubahatisha, na faili yake mwenyewe akaiita random.py. Jioni ya mdahalo, watu wamekwisha kukaa, programu ikajibu kwamba random haina kitu kiitwacho choice. Wengine wakasema kompyuta ina virusi. Wengine wakataka Python ifutwe na kuwekwa upya. Mwisho majina yakaandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa katika kofia, na mdahalo ukaanza saa nzima baada ya wakati wake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Programu iliposema import random, Python ilitazama kwanza katika folda ya programu, ikaikuta random.py ya yule kijana, ikaridhika, wala haikufika stoo iliko random ya kweli. Programu ikawa yajiazima yenyewe, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba yake mwenyewe akingoja afunguliwe. Dawa ilikuwa kubadili jina la faili likawa kura.py. Basi kila mwanafunzi ashike kanuni hii: usiipe faili yako jina la moduli unayotaka kuiazima. Majina yanayonasa watu aghalabu ni random, statistics, turtle, csv na calendar. Tangu toleo la 3.13, lililotoka mwaka 2024, Python yenyewe huonya katika ujumbe wake wa kosa kwamba huenda faili yako imefunika moduli ya maktaba, ikashauri ibadilishwe jina. Lakini kompyuta nyingi bado zina matoleo ya zamani, ambayo hayana huruma hiyo.

Iko habari nyingine ambayo wanaoanza hawaitambui. Kuazima moduli ni kuiendesha. Import inapoifikia faili kwa mara ya kwanza, amri zote zilizomo husomwa na kutendwa toka juu hadi chini. Ikiwa mwisho wa ramani.py tungeliacha mistari ya kujaribia, kila aiazimaye angeliona majaribio yetu yakimiminika mbele yake. Ndiyo maana mafundi huweka mistari ya namna hiyo chini ya sharti hili:

if __name__ == "__main__":
    print(umbali(JINJA, MBALE))

Maana yake ni nyepesi. Faili ikiendeshwa yenyewe, Python huipa jina __main__, yaani mkuu wa kazi. Ikiazimwa na nyingine, huitwa kwa jina lake la kawaida, ramani. Kwa hiyo sharti lasema: fanya haya iwapo mimi ndiye mkuu wa kazi; nikiwa nimeazimwa, nyamaza utoe tu ulichoombwa. Mstari huo mmoja huifanya faili yako ifae kwako na kwa mwenzako pia.

Sasa nataka kunena juu ya jambo linalotugusa sisi tulio katika shule ambazo mtandao huja na kwenda. Wenzetu kadhaa wamekata tamaa wakisema Python bila intaneti haina maana. Hawakutazama stoo. Wenye lugha hii hupenda kusema kwamba huja na betri zake ndani, mfano wa tochi ambayo ukiinunua yawaka palepale dukani. Imo math ya hesabu, na statistics ya wastani na mtawanyiko. Imo csv ya kusoma majedwali ya alama, datetime ya tarehe, na sqlite3 ya kutunza kumbukumbu nyingi kwa utaratibu. Imo hata turtle ya kuchora, na tkinter ya kutengeneza madirisha na vitufe. Kwa hizo mtu aweza kuandika daftari la maktaba ya shule, hesabu za duka la chama cha ushirika, au orodha ya mvua ya mwaka mzima, asitumie hata shilingi moja ya bando.

Ziko kazi, hata hivyo, zinazohitaji moduli za nje. Hizo huhifadhiwa katika ghala kubwa liitwalo PyPI, lililoanza mwaka 2003, na lori linalozileta ni amri ya pip. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Pip huleta bidhaa kutoka ghala la mbali hadi chumba cha nyuma, mara moja. Import huichukua kutoka chumbani hadi mezani, kila programu iendeshwapo. Asiyeagiza kwanza hatapata, na aliyeagiza jana hana haja ya kuagiza tena leo. Tena jina la ghalani huenda likatofautiana na jina la mezani. Ukitaka moduli ya picha huagiza Pillow, lakini huazima PIL. Huagiza scikit-learn, lakini huazima sklearn.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wa zamani wanapoweza kutusaidia bila gharama kubwa. Aliye Kampala, Nairobi au London, mwenye mtandao mzuri, aweza kuandika hivi:

pip download pandas -d mfuko

Amri hiyo hupakua moduli ya pandas, ambayo ni ya kushughulikia majedwali makubwa, pamoja na nyingine zote inazozitegemea, ikaziweka katika folda iitwayo mfuko. Folda hiyo hunakiliwa katika flashi, flashi ikaletwa shuleni na mtu yeyote ajaye huku, na sisi tukaandika:

pip install --no-index --find-links=mfuko pandas

Maneno --no-index yasema: usiende mtandaoni, tafuta katika mfuko tu. Sharti ni kwamba kompyuta ya kule na ya huku ziwe za namna moja na zenye toleo moja la Python; la sivyo bidhaa haitaingia chumbani. Kwa hiyo mkubwa wetu yeyote atakayetaka kututumia flashi, tafadhali atuulize kwanza toleo letu. Flashi moja iliyojazwa kwa akili yaweza kutumika katika kila kompyuta ya chumba chetu, na kwa wanafunzi wa miaka kadhaa.

Lakini si kila kilicho ghalani ni chema. Nimekwisha kusema kwamba kuazima moduli ni kuiendesha, na hapo waovu hupata mlango. Mwezi wa Desemba mwaka 1919 hakukuwa na hila za namna hii, lakini Desemba ya mwaka 2019 iligunduliwa katika PyPI moduli iliyoiga jina la nyingine njema iitwayo jellyfish. Katika ile ya uongo, herufi l ya kwanza ilikuwa imebadilishwa ikawekwa I kubwa, na kwa macho hazipambanuki. Kazi yake ilikuwa kuiba funguo za siri za watu katika kompyuta zao. Iliondolewa, lakini fundisho limebaki. Usiagize moduli kwa jina ulilolisikia nusu nusu. Lisome herufi kwa herufi, utazame ni nani aliyeitengeneza na kama watu wengine waitumia. Mtu hamkaribishi mgeni kulala nyumbani kwake kabla hajamwuliza atokako.

Mwisho, msidhani kwamba sisi wa Afrika Mashariki ni waazimaji tu. Uko mkusanyo wa picha za majani ya maharage, zilizopigwa kwa simu katika mashamba ya wilaya mbalimbali za Uganda. Ulifanywa na Maabara ya Akili Bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge. Majani yamepangwa katika mafungu matatu: mazima, yenye kutu, na yenye madoa ya pembepembe. Tangu mwaka 2020 mwanafunzi yeyote, hata aliye Japani au Marekani, mwenye moduli iitwayo tensorflow_datasets aweza kuandika:

import tensorflow_datasets as tfds
picha = tfds.load("beans")

na mashamba ya maharage ya Uganda yakafunguka mbele yake, apate kuifundisha kompyuta kutambua ugonjwa. Mwaka huo huo yalitolewa mashindano ya dunia nzima juu ya picha 21,367 za majani ya muhogo wa Uganda, ili kompyuta itambue batobato, michirizi ya kahawia na magonjwa mengine. Nyingi za picha hizo zilipigwa na wakulima wenyewe katika bustani zao, na wataalamu wa Namulonge wakaandika kila moja ni ya ugonjwa gani. Muhogo ukioza shambani ni njaa nyumbani, nasi watu wa mashariki ya Uganda hatuhitaji kuelezwa hilo. Watu wengi wasiojuana walishirikiana katika kazi hiyo kwa njia ya import: wengine kwa picha, wengine kwa hesabu, wengine kwa programu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoanza, azimeni bila haya, lakini jueni mmeazima nini na kwa nani. Taja mwenye kitu kwa jina lake na nukta yake, uiache nyota, na faili zako uzipe majina yasiyofunika ya wengine. Nawe unapoandika kazi yako, ipange ili ajaye nyuma yako aweze kuiazima. Faili ya ramani iliyo katika makala haya ina miji miwili tu. Nimeiweka katika kompyuta za shule. Tororo, Iganga, Soroti na Kapchorwa bado hazimo, na kila mwenye mstari mmoja wa kuongeza anakaribishwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita